Saa Isiyo na Jina Usoni

Sogeeni, wanangu. Sogeeni wote wawili, na msikae kila mmoja upande wake wa kitanda kama mawakili wa kesi mbili. Njooni huku dirishani, upande mmoja, niwaone kwa pamoja bila kugeuza shingo, maana shingo hii leo imekataa kutumwa. Meneja, vuta kile kiti cha plastiki. Kasuku, wewe kaa hapa kitandani, miguu yangu haichukui nafasi tena. Na wewe shemeji, ndugu wa baba yao, uliyesimama mlangoni na funguo mkononi kama mtu aliyeegesha gari vibaya, ingia, keti, uzime na simu. Nimekuita uwe shahidi, na shahidi aliyesimama husikia nusu tu.

Ninayotaka kusema nataka niyaseme mara moja, bila kukatizwa, halafu nipumzike. Daktari ameniambia ukweli kwa sababu nilimwomba kwa adabu, kisha nikamwomba bila adabu. Kwa hiyo tusidanganyane hapa. Msiniambie nitapona, msiniambie rangi yangu leo ni nzuri. Rangi yangu naiona kwenye kijiko.

Kwanza niwatoe wasiwasi, naona mmekaa mkao wa kusubiri jambo zito. Sina siri. Hakuna mtoto wa nje atakayejitokeza msibani amevaa miwani myeusi, hakuna kiwanja nilichokificha, na baba yenu ni baba yenu. Anayetaka ushahidi ajishike masikio. Nyumba hii ni yenu wote wawili kama karatasi iliyoko kwa wakili inavyosema, na karatasi hiyo niliitia sahihi nikiwa nimeshiba, mchana, na akili zangu zote kichwani, kwa hiyo shemeji, usije ukasimama mbele za watu ukaanza kusema marehemu aliwahi kukudokeza jambo. Marehemu hajakudokeza kitu. Marehemu ndiye huyu anaongea.

Vitabu vyangu vigaweni kwa wanaosoma, si kwa wanaopenda kupiga picha mbele ya kabati la vitabu. Mashine ya kukerezea chuma, ile iliyokula nusu ya chumba cha nyuma, mpelekeeni yule fundi wa karakana ya chuo, ndiye aliyenifundisha kuisikiliza. Tupa zangu na misasa gawaneni. Ile jiliwa ya kubania vyuma iliyofungwa kwenye meza si yangu. Ni ya jirani yetu seremala, niliiazima wiki ile baba yenu alipostaafu, na seremala wa watu ananidai kwa macho kila akipita dirishani, amejaa adabu, hajawahi kufungua mdomo. Ifungueni kesho mmrudishie, na mumwambie asante kwa sauti, maana mimi sikumwambia. Lenzi ya jichoni, ile nyeusi, ni ya fundi saa anayekaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Naye mrudishieni.

Sasa tuje kwenye hii. Kasuku, nishike mkono uuinue, wasiione shuka tu.

Saa hii ndiyo imewafanya nyinyi wawili msisemezane. Chumba kimoja, mama mmoja, na bado nasikia, "Mama, mwambie mwanao wa kiume dirisha lifungwe," na huyu naye, "Mama, mwambie binti yako dirisha liko wazi kwa sababu ya hewa." Nimekuwa ubao wa matangazo. Nikifa hamjaelewana juu ya kidude hiki, mtakuwa mnapelekeana salamu kwa barua za mawakili, na mimi sikuwabeba miezi yote ile ili mje mjuane kwa barua za mawakili. Hilo ndilo linaloniweka macho. Maumivu nayaweza, yana dawa.

Kila mmoja ana mpango wake juu ya saa, naujua. Meneja unataka ichapwe jina la kampuni ile kubwa usoni, na ile alama yao ndogo, ifanane na ya dukani hata mwenye nayo asitofautishe. Kasuku unataka iingie kwenye kabati la kioo pale shuleni kwako, iwekewe kibao, wanafunzi wapite waitazame kama jino la mnyama wa zamani. Na wewe shemeji unasema nizikwe nayo, kwa heshima. Heshima hiyo naijua, ni ya kukwepa kikao.

Basi sikilizeni ilivyozaliwa, muelewe kwa nini nawakatalia wote watatu.

Baba yenu alikuwa karani wa bohari, mtu wa kuhesabu magunia na kurudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi. Kila tulipokwenda mjini alikuwa na kituo chake kimoja: duka la saa lililobanwa kati ya benki na duka la viatu, lenye kioo kisafi mpaka unaona aibu kupumua karibu nacho. Ndani ya kioo, juu ya kitakia kidogo cha mahameli, ilikaa saa moja. Alikuwa anainama na mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Hakusema hata siku moja kwamba anaitaka. Alisema tu, "Mama Meneja, hebu tazama akrabu zake." Akrabu zile, mikono yake miwili ya kuonyesha saa na dakika, zilikuwa za buluu, buluu ambayo haikupakwa rangi, iliyotoka ndani ya chuma chenyewe. Basi. Akishaziona tunakwenda zetu kununua sabuni.

Siku moja nikamvuta tukaingia. Msichana wa dukani alikuwa na glavu nyeupe, na alipoona mkono wangu unakwenda kwenye ile saa akaweka kiganja chake katikati, akasema kwa upole unaouma kuliko tusi, "Mama, hii si ya kushikashika." Nikamuuliza, "Kwani ina homa?" Baba yenu akanivuta mkono wa gauni. Kule nje, pale penye nguzo ya taa, nikamwambia: nitakutengenezea. Mwanamume akacheka mpaka akaishika ile nguzo. "Wewe? Wewe ambaye mpini wa sufuria ukilegea unaniita mimi?"

Na alisema kweli. Mimi nilifundisha hesabu chuoni maisha yangu yote ya kazi. Naweza kukuonyesha ubaoni gurudumu linavyosukuma gurudumu, na kwa nini lile dogo lazima lizunguke haraka zaidi, lakini tupa sikuwahi kuishika, na nilipoishika mara ya kwanza niliisukuma kwa nyuma mbele, fundi wa karakana akaenda kusimama nje kidogo, nadhani alikuwa anacheka. Nilikuwa nimestaafu, nina mikono miwili na alasiri nyingi. Nikaanza.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana mimi sipendi kusifiwa kwa kazi ya mtu mwingine. Mashine ya ndani sikuitengeneza. Niliinunua, ikaja kwa posta ndani ya kiboksi, mashine ya kawaida tu, ya aina isiyotaka betri wala kujazwa kwa vidole kila asubuhi: mna kipande kizito cha nusu duara ndani yake kinachozunguka mkono unapotikisika, na kuzunguka huko ndiko kunakoikaza kamani, ile springi inayoendesha kila kitu. Mvaaji akitembea, saa inakula. Mvaaji akilala tu bila kujigeuza, saa inakufa njaa. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mimi nilitengeneza nyumba yake. Hili gamba nililikereza kutoka kwenye mhimili wa pampu ya maji iliyokufa pale chuoni, chuma kisichoshika kutu, kigumu kama shemeji huyu. La kwanza lilitoka nene kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Baba yenu akalivaa hivyohivyo kwenda sokoni, akarudi akasema inamfanya atembee kama mtu anayevutwa mkono na mtoto anayetaka peremende. La pili nikalitoboa upande. La tatu ndilo hili. Uso nikaukata kwenye bamba la shaba, nikausugua kwa msasa laini, kisha laini zaidi, mpaka nikauona uso wangu humo, nikakoma hapo kwa sababu haikuwa kioo nilichokuwa nakitafuta.

Akrabu ndizo zilinitesa. Buluu ile inatoka kwa moto. Unaikata akrabu kwenye bati la chuma, unaing'arisha, unailaza juu ya unga wa shaba kwenye kijiko cha chuma, unaweka kijiko juu ya jiko, unatazama. Chuma kinakuwa cha manjano kama nyasi kavu, kinakuwa cha kahawia, kinakuwa cha zambarau, halafu inakuja buluu, inakaa kidogo tu kama mgeni aliyekataa hata maji, na usipoitoa saa hiyohiyo inakuwa kijivu na kazi imeharibika. Macho yangu hayakuwa na kasi hiyo. Kwa hiyo mimi nilishika kijiko, baba yenu akainamisha kichwa karibu na moto mpaka nyusi zikanuka, na ikifika anapiga kelele: "Sasa!" Jikoni mwetu mlikuwa na kelele hizo alasiri nzima-nzima. "Sasa!" na mimi natoa, tunatazama, anasema, "Umechelewa, mke wangu," namwambia, "Umechelewa wewe kusema." Tuliunguza nyingi. Hatukuwahi kugombana vizuri kama wakati ule.

Tazameni hapa. Sogeza taa, Meneja. Akrabu ndefu ni buluu safi, mnaiona? Ile fupi imeegemea zambarau. Ndefu tuliichoma wawili. Fupi niliichoma peke yangu, baada ya kumzika, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekatika na sikutaka saa ikae na mkono mmoja. Nikashika kijiko, nikatazama, na hapakuwa na mtu wa kusema sasa. Nikaitoa mapema kwa woga. Ndiyo maana iko hivyo, na sitaki fundi yeyote aje kuzifanya zifanane.

Nimeruka jambo. Nipeni maji. Kidogo. Hapo panatosha.

Aliivaa. Nashukuru kwamba aliivaa. Na inakimbia, mnajua. Kila siku inaiba kidogo mbele, wiki ikiisha imewatangulia watu kwa dakika kadhaa. Fundi saa alitaka kuifungua airekebishe, baba yenu akaificha mkono nyuma kama mtoto. Akasema, "Iache. Mimi nimechelewa kila kitu maisha haya, niache niwahi kidogo." Akawa anafika kila mahali mapema, anakaa kwenye benchi, amefurahi, anawatazama wanaokuja wakikimbia. Siku ile alipoondoka kule hospitali, muuguzi aliivua, akaitia kwenye bahasha, akanishika bega akaninong'oneza: "Mama, hii ni ya bei mbaya, usiiache mikononi mwa watu." Nililia na kucheka kwa pumzi moja, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Mhimili wa pampu ya maji, wanangu!

Basi. Ndipo Meneja ukaja kuiazima saa.

Nilikupa jina hilo ulipokuwa bado unavaa kaptura, kwa sababu ulikuwa unamsimamia mwenzako akiosha vyombo na kumwonyesha alipobakiza mafuta. Huyu naye nilimwita Kasuku kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni mwake likalala humo. Majina ya mchezo. Nyinyi mkayachukulia kama kazi ya kuajiriwa.

Ulikuwa na hafla ya ofisini kwenu, wakubwa wapya wanakaribishwa, ukataka mkono wako ufanane na mikono yao. Nikakupa. Sikuona ubaya, saa ni ya kuvaliwa. Mzee mmoja wa meza yenu, mwenye tumbo la uenyekiti, akauinamia mkono wako akasema, "Eh! Hii ndiyo ile yenyewe?" Na wewe, mwanangu, ungeweza kusema sentensi fupi. Ukasema, "Ni ya familia." Ukatabasamu vile. Meza nzima ikatikisa vichwa kwa heshima. Na hapohapo Kasuku, uliyealikwa tu kwa kuwa mke wa Meneja alikuwa na mafua, ukaweka glasi chini ukasema, "Ya familia kweli. Mama kaitengenezea kwenye meza ya kupigia pasi, kwa chuma cha pampu." Walicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Tangu siku ile hamjasalimiana.

Nimesikia utetezi wa pande zote, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani mwenzake hajanieleza. Meneja anasema hakudanganya. Hukudanganya, ni kweli. Uliupanga ukweli ukae kama uongo, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kudanganya, ungeweza kupumzika tu. Ulimwonea haya mama yako, ukamficha nyuma ya neno familia. Hilo lilinichoma kidogo. Lilishapoa. Na wewe Kasuku, unaniambia, "Mama, mimi nilisema kweli tu." Ulisema kweli. Lakini uliisema ukiwatazama wageni, hukumtazama ndugu yako. Ulitaka kicheko, ukakipata, na aliyechekwa hakuwa yeye peke yake. Na mimi nilichekwa, na pampu yangu. Usiniangalie hivyo. Wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya kumsahihisha mtoto na kumwanika darasani.

Basi mmoja akaenda kutafuta mtu wa kuchapa majina, ili siku nyingine akiulizwa awe na la kuonyesha. Mwingine akaenda kupima kabati la kioo, ili saa isivaliwe tena na mtu yeyote, hasa mtu fulani. Na mimi nikalala hapa, nikawa nasikiliza mkono wangu.

Sasa nisikilizeni, nimefika kwenye lile nililosema nitalirudia.

Mimi siwezi kuinua kijiko. Mkono huu haujatikisika wenyewe tangu mvua ile kubwa. Saa hii ilitakiwa iwe imesimama zamani. Haijasimama. Si hivyo tu: inakwenda sawasawa na saa za watu! Nimeivaa miaka, haijapata kuwa sahihi hata Jumapili moja, na ghafla, mimi nakufa, yenyewe imepata adabu. Nikajua kuna mtu.

Nikaanza kujifanya nimelala. Mama yenu ni mwigizaji mzuri akipumzishwa maumivu. Alasiri, Kasuku akienda duka la dawa, Meneja unaingia umevua viatu. Unanivua saa polepole, unasimama pale penye kabati, unaitikisa kwa nguvu kama chupa ya dawa ya kikohozi, huku midomo inakwenda, sijui unahesabu au unaomba. Halafu unatoa simu, unavuta kile kifundo cha pembeni, unaiweka sawa na simu, unanirudishia, na unaufunga mkanda tundu la nje, umelegea, kwa kuogopa kuniumiza. Asubuhi, kabla ya kuniosha, Kasuku unaivaa wewe. Unazunguka nayo chumba kizima ukipunga mkono kama askari wa gwaride, unafuta madirisha yasiyo na vumbi ili mkono usisimame. Nawe unaiweka sawa na simu yako. Na unaufunga tundu la ndani, umebana, kwa kuogopa nisiidondoshe.

Kwa hiyo asubuhi mkanda unabana, jioni unalegea, na hakuna kati yenu aliyewahi kujiuliza nani ameuhamisha.

Msiinamishe vichwa. Mlidhani ikisimama na mimi nasimama? Watu niliowasomesha mpaka mkanishinda vyeti! Ningewacheka kama ningekuwa na mbavu za kucheka. Lakini nililala hapa, macho nimeyafumba, nikawaza: hawa hawasemezani, na bado wanashika zamu moja, kazi moja, hakuna aliyewapanga. Sikuwahi kupata raha kama ile. Hata siku ya kuhitimu, na siku ile nilivaa joho zuri sana.

Shemeji, unalia? Tumia leso, usitumie pazia langu.

Ngoja... ngoja nivute pumzi.

Sasa maagizo. Fupi fupi, naishiwa.

Saa isichapwe jina. Mnataka jina? Jina lipo. Meneja, yule mtu wako wa kuchapa angeifungua angeliona, nami ningeona haya kwa niaba yako. Ule uso wa shaba niliukata kwenye kibao cha mlango wa ofisi yangu chuoni, kile chenye jina langu na cheo changu, walichonipa nikiondoka, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi kama vile ni kitu. Kilikuwa kinaning'inia ukutani kinakula vumbi na kujisifu. Nikakigeuza, upande wa nyuma ukawa uso, na maandishi yakabaki ndani, yanaitazama mashine. Yamebaki herufi chache za katikati tu, hazisomeki kuwa neno. Zinatosha. Aliyetengeneza anajua, na saa inajua.

Isiingie kwenye kioo. Kasuku, kitu kinachokula kwa kutembea ukikiweka kwenye kabati umekizika, na mimi naona kuzika mtu mmoja kunawatosha. Na mimi nisizikwe nayo, shemeji, kwa sababu hiyohiyo. Nitakuwa mvaaji mbaya kabisa.

Meneja utaivaa kwanza. Kasuku, usikunje uso, sijamaliza. Utaivaa, mwanangu, na utarudi nayo kwenye meza ileile, kwa watu walewale, na yule mwenye tumbo la uenyekiti akiinama tena utamwambia nani ametengeneza. Hutangoja aulize mara mbili. Na wewe Kasuku utakwenda naye. Utaketi pembeni yake, na utanyamaza, hata ikikuwasha, mpaka aseme yeye mwenyewe. Akishasema, wakicheka, cheka wewe wa mwisho. Kisha mkitoka hapo atakuvulia akuvalishe, mkono kwa mkono, na kuanzia hapo mtapeana jinsi mtakavyoona. Sitawapangia ratiba, mimi si mzimu. Ila isipitie kwa dereva, wala kwa watoto.

Mazishi yangu yawe mafupi. Asisimame mtu kusema nilimpenda kila mtu. Yule msichana wa glavu sikumpenda hata kidogo, na sasa najua alikuwa anafanya kazi yake tu, nimemsamehe, lakini kumpenda hapana.

Meneja. Nijaribu kukusikia hapahapa. Nani katengeneza saa hii?

Sikusikia. Sema kama unavyosema na walio chini yako.

Haya. Umesema mama. Wewe Kasuku umemsikia? Umenyamaza vizuri. Mnaona, imewezekana, na dari halijaanguka.

Sasa nirudishieni mlichoniibia. Ndiyo, mmeniibia. Mmeirekebisha kila siku, zile dakika za mbele mmezifuta, na zile nilizitengeneza mimi. Kosa la mashine, sawa, lakini nililiacha kwa makusudi, na baba yenu alikaa kwenye mabenchi mengi akizifurahia. Meneja, vuta kifundo. Kasuku, msomee saa ya simu. Ipelekeni mbele. Zaidi. Zaidi kidogo... Mwulize mwenzako kama inatosha, usiniulize mimi.

Nimesikia. Amesema, "Hapo panatosha, Kasuku?" Kamwita. Shemeji, wewe ni shahidi, kamwita kwa mdomo wake.

Bonyeza kifundo. Nivalisheni. Tundu la katikati.

Wanangu... Mungu awape mikono inayotulia. Awape kazi msiyolipwa, ya kuwachekesha. Mwenye kuwauliza mmetoka wapi, mjibu bila kuangalia chini wala kumwangalia mwingine. Watoto wenu wazicheke kelele zenu, kama nyinyi... kama mlivyokuwa mnafanya mkija kututembelea, watu wazima nyuma ya mlango wa jikoni, mkituiga. Sasa! Sasa! Nilikuwa nawasikia.

Sauti inakwenda. Inameni.

Nikiondoka, tazameni hii kwanza. Halafu tazameni za watu. Kwa saa za watu... kwa saa za watu nitakuwa bado nipo. Dakika chache. Huo ndio urithi, mwingine wote ni vyombo. Msimwite mtu. Shemeji asitoke kwenda kupiga simu. Kaeni nazo, nyinyi wawili, mpaka ziishe.

Mkono... nishikeni mkono. Mmoja kiwiko, mmoja kiganja. Utikiseni.

Polepole. Pamoja.

Hivyo... hivyo... inakula.